Chupa Saba za Dawa

Ukitaka kumuudhi Herufi, muulize habari ya zile chupa. Ataudhika kidogo, atatazama pembeni, halafu atavuta kigoda akusimulie yote tangu mwanzo, na njiani atajitukana kuliko wewe ambavyo ungethubutu kumtukana. Siku hizi anajiita mpumbavu mwenye mwandiko mzuri. Mkewe akimsikia hamkatazi. Husema tu kwamba amesahau mengine, kisha anaendelea kukanyaga cherehani yake.

Herufi ni mwandika mabango. Vibao vya saluni, vya bucha, vya milango ya ofisi, MBWA MKALI kwenye nyumba zisizo na mbwa, USITUPE TAKA HAPA kwenye kuta ambazo chini yake taka zimefika magotini, vyote ni mkono wake. Na ili pasiwe na ubishi, kwenye kona ya chini, kulia, huandika kwa herufi ndogondogo: Kazi ya Herufi. Watu wakamsifu, naye akasifika. Ukafika wakati hawezi kupita mbele ya kibao cha mwingine bila kusimama na kutikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyepita msibani.

Basi siku moja akaja mhudumu wa afya wa mtaa, dada mmoja mfupi mwenye faili kwapani, anayepita nyumba kwa nyumba kuangalia watu wanaishije. Herufi alimkaribisha kwa bashasha. Nyumba yake aliiona safi, maana mbele palikuwa pamefagiwa na mkewe alikuwa na wateja wa nguo barazani. Mgeni akaomba kuona uani. Uani ndiko Herufi anakofanyia kazi, na ndiko alikoumbuka.

"Hapa unafuga nini?" dada aliuliza, akionyesha makopo ya rangi yaliyojaa maji ya mvua.

"Sifugi kitu, dada."

"Unafuga mbu. Tena wamenawiri."

Akainama chini ya meza ya kazi, akatoka na chupa ya soda iliyojaa maji meupe. Akafungua, akanusa, macho yakamtoka. Ilikuwa thina, yale maji makali ya kulainishia rangi na kuoshea brashi. Kando yake palikuwa na chupa ya juisi yenye mafuta ya taa, na nyingine ya maji ya kunywa yenye dawa ya mende. Wakati huohuo bintiye Herufi wa miaka mitatu, ambaye hakuna kitu asichokigusa na kwa hiyo nyumba nzima inamwita Kiherehere, alikuwa ameketi chini ya meza ileile akimlisha mwanasesere wake udongo kwa kifuniko cha chupa.

Mhudumu hakufoka. Alieleza polepole, na kwa Herufi hilo lilikuwa baya zaidi. Makopo ya maji yamwagwe na kufunikwa. Sumu zisikae kwenye chupa za vinywaji, maana mtoto akiona soda hunywa soda. Ziwekwe juu, mbali na chakula, zifungwe vizuri. "Na kila chupa," alisema akifunga faili, "andika vizuri kilichomo."

Andika vizuri! Kumwambia Herufi andika vizuri ni kumwambia jogoo awike.

Siku hiyohiyo aliacha kazi za watu. Alimwaga makopo, akayafunika, akafagia uani mpaka jirani akauliza kama kuna harusi. Alikwenda kwa mtengeneza sabuni ya maji akanunua chupa saba mpya, nyeupe, za plastiki, zote sawa kimo na sawa umbo, kwa sababu vitu vikifanana hupendeza macho. Akamimina humo kila kitu: thina, mafuta ya taa, dawa ya mende, ya kunguni, ya mchwa, ya choo, na ile ya mkewe ya kutoa madoa kwenye nguo. Jikoni palikuwa na rafu moja ya vyombo. Juu yake akapigilia nyingine, juu kabisa, asikofika mtoto. Kisha akachukua rangi nyekundu na brashi nyembamba, akaanza kuandika.

Alikusudia kuandika DAWA YA MENDE. Lakini ile D aliichora kubwa kwa raha, tumbo lake limejaa, mgongo umenyooka, na A iliyofuata haikuweza kuwa ndogo mbele ya D kama ile. Alipofika mwisho wa DAWA, chupa ilikuwa imekwisha. Kuandika "ya mende" kwa herufi za kubanana chini yake kungeharibu kila kitu. Akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama, akaona hakuna kilichopungua. Lugha yetu ni karimu sana kwa neno hili. Kinachotuliza kikohozi ni dawa, kinachoua mende ni dawa, kinachosugua meno ni dawa na kinachosugua choo ni dawa. Hata thina yake mwenyewe alikuwa akiita dawa ya brashi. Sasa kosa liko wapi? Akaandika DAWA mara saba, na kwenye kila chupa, kona ya chini, kulia, akatia Kazi ya Herufi.

Ukweli ni kwamba alikuwa amelifikiria neno SUMU. Anakiri. Lakini halikumpendeza. Neno lenyewe limejikunja, lina U mbili zinazokaa kama mabakuli matupu, na nani atakunywa chai kwa amani kwenye nyumba iliyoandikwa SUMU mara saba? Wateja wa mkewe wangekimbia na vitambaa vyao.

Mkewe aliziangalia zile chupa kwa muda, mikono kiunoni.

"Baba Kiherehere, hizi zote zimeandikwa dawa. Nitajuaje ya choo ni ipi?"

"Utanusa."

"Kama ni kunusa, umeandika za nini?"

Herufi alicheka, akasema fundi cherehani na akae kwenye nyuzi zake. Alilala usingizi mnono siku hiyo, akijiona baba aliyeilinda nyumba yake.

Wiki ya pili yake alikuja mamamkwe. Bibi huyu alikuwa na miaka sitini na mitatu, na miezi mitano nyuma alikuwa ameanza darasa la kusoma la watu wazima. Sasa alikuwa anasoma kila kitu, kwa sauti, kwa kidole. Alisoma magunia, alisoma kuta, alisoma fulana za wapita njia mpaka vijana wakawa wanajifunika. Alipofika mlangoni kwa Herufi alisimama akasoma kibao cha mkwewe, herufi kwa herufi, akamwambia, "Mwanangu, wewe ndiye ninayekuelewa. Wengine wanaandika kama kuku amepita." Herufi aliyabeba maneno hayo siku nzima. Kusifiwa na mamamkwe si jambo la kila mtu.

Kiherehere alikuwa na kikohozi, na bibi naye akaambukizwa mafua, pua imeziba. Asubuhi moja mama wa mtoto akawa anatoka kupeleka nguo za mteja. Alikuwa amenunua dawa ya kikohozi dukani, ameiweka jikoni kwenye rafu ya vyombo.

"Mama, ikifika saa nne mpe mtoto dawa, kijiko kimoja. Iko jikoni kwenye rafu."

"Nitasoma," alisema bibi.

Na alisoma. Saa nne aliingia jikoni. Kwenye rafu ya chini aliona kichupa cheusi chenye maandishi madogo kama mayai ya sisimizi, kwa lugha ya madaktari, hakuna neno hata moja alilolijua. Akainua macho. Juu kabisa, kwa herufi nyekundu, kubwa, safi, za mkono ule anaouelewa, aliona D, akaona A, akaona W, akaona A. Akavuta stuli, akapanda, akaitoa.

Herufi alikuwa uani, amepiga magoti mbele ya bango la karakana ya seremala. Walikuwa wameagiza USALAMA KWANZA, naye alikuwa kwenye K. Alisikia mtoto anakohoa. Si kile kikohozi cha siku zote. Hiki kilikuwa cha kupaliwa, cha kutafuta pumzi. Aliingia mbio akamkuta bibi ameshika kijiko, mtoto machozi yanamtiririka, kidevu kimelowa, na juu ya meza chupa nyeupe imefunguliwa. Harufu ilimpiga kabla hajaisogelea.

"Ameitema nusu," bibi alisema. "Kwani dawa hii ni kali hivi?"

Herufi alimnyakua mtoto akatoka naye bila viatu. Jirani aliyekuwa na pikipiki akamkimbiza kituo cha afya, na njia nzima alimkumbatia kifuani akisikiliza anavyopumua. Kwenye kituo akapita foleni yote akajitupa mbele ya muuguzi.

"Sista, nisaidie! Mtoto amekunywa dawa!"

Muuguzi alishika kalamu. "Dawa gani?"

"Dawa tu."

"Alipewa na nani?"

"Bibi yake."

"Kwa nini?"

"Anakohoa."

Muuguzi alimtazama, akamtazama mtoto, akamtazama tena. "Sasa baba, mtoto anakohoa, bibi kampa dawa. Mimi unataka nifanye nini?"

Watu kwenye foleni wakaanza kunung'unika kwamba wengine wana haraka zao. Kila neno alilokuwa nalo Herufi lilikuwa dawa. Alijaribu "si dawa ya dawa," akajaribu "ni dawa ya kazi," muuguzi akaanza kumwandikia zamu. Ndipo likamtoka, kwa sauti iliyofika mpaka getini:

"Sumu! Mwanangu amekunywa sumu!"

Hapo kila mtu alisimama. Mtoto alichukuliwa mikononi mwake, mlango ukafunguliwa, daktari akaitwa. Neno moja, silabi mbili, lilifanya kazi ambayo DAWA saba hazikuweza. Herufi anaposimulia hapa huwa anajipiga paji la uso.

"Mmemtapisha?" daktari aliuliza, sikio likiwa kwenye kifua cha mtoto.

"Hapana. Hatukujua la kufanya."

"Afadhali hamkujua. Vitu vya jamii ya mafuta vikitapishwa huingia mapafuni. Sasa ni kitu gani hasa? Ananuka mafuta, lakini mafuta ya taa ni jambo moja, dawa ya wadudu iliyochanganywa na mafuta ni jambo lingine kabisa. Hiyo ya wadudu inataka matibabu yake, tena sasa hivi. Ipo wapi chupa?"

Chupa! Herufi alirudi na pikipiki ileile. Jikoni alimkuta bibi anafuta meza. Katika kuchanganyikiwa kwake alikuwa ameifunga ile chupa na kuirudisha pamoja na wenzake, kila kitu mahali pake, kama alivyolelewa. Zilikuwa saba, nyeupe, zimejipanga, zinamtazama. DAWA. DAWA. DAWA. Mwenye nyumba aliyeziandika kwa mkono wake hakujua ipi ni ipi. Akazitia zote kwenye beseni la kufulia, bibi akapanda nyuma ya pikipiki na kijiko chake mkononi, wakaenda.

Muuguzi alizipanga mezani. Alizisoma moja baada ya nyingine, na kwa adabu ya kazi yake hakucheka.

"Ni ipi, bibi?"

"Hiyo iliyoandikwa dawa," alisema bibi.

Wakaanza kufungua na kunusa. Ya choo ikawekwa kando, ya madoa ikawekwa kando. Tatu zilinuka mafuta, na baada ya kunusa mara mbili hakuna pua iliyobaki na akili, hata ya Herufi iliyozoea kunusa thina kutwa. Ndani mtoto alikuwa anakohoa. Herufi alisimama hapo, jasho limemlowesha, akiomba moyoni kwa maneno ambayo hakuyapanga. Alikuwa tayari mtaa mzima umcheke mpaka kufa kwake, alimradi yule mtoto avute pumzi.

Ndipo alipoiona. Chupa moja, D yake ilikuwa imechuruzika. Ule mgongo ulionyooka ulikuwa umeyeyuka na kutiririka juu ya A, wekundu umeshuka mpaka kwenye jina lake. Mtu alikuwa amemimina kitu kikalowesha ubavu wa chupa, na kitu hicho kikaila rangi iliyokauka siku kumi.

"Thina," alisema. "Ni hii, na ndani yake ni thina. Mafuta ya taa hayawezi kuifanya rangi yangu hivi. Wala dawa ya mende."

"Una hakika?"

"Daktari, mimi hakuna kingine ninachokijua duniani."

Daktari aliinusa tena, akaitikia kwa kichwa. Si ya wadudu. Lakini thina nayo si mchezo. Kinachoogopwa ni kifua. Mtoto angekaa pale mpaka jioni wakimwangalia anavyopumua.

Mama wa mtoto alifika akihema, kitambaa cha mteja bado begani. Alimshika mtoto, akamwangalia mdomo, macho, kucha, kisha akageuka.

"Nani kampa?"

"Mimi," alisema bibi.

Na hapa ndipo Herufi anapojitukana zaidi. Kwa sababu alinyamaza. Alisikia mamamkwe wake anaubeba mzigo mzima peke yake, mbele ya watu, akaangalia sakafu kana kwamba sakafu ndiyo iliyoulizwa. Muuguzi ndiye aliyeinua ile chupa iliyochuruzika, akaigeuza kwenye mwanga, akasoma kona ya chini, kulia, zile herufi ambazo rangi haikuzifunika.

"Kazi ya Herufi," alisoma. "Ndiye nani?"

Herufi aliinua kidole kama mwanafunzi. Hata hapo hakusema nimekosa. Alianza kueleza kwamba chupa ilikuwa nyembamba. Mkewe alimtazama mara moja tu, naye akaishia katikati ya sentensi.

Saa kumi na mbili jioni daktari alisikiliza kifua kwa mara ya nne, akasema wanaweza kwenda, ila akipata homa au akihema kwa shida warudi mbio. Kiherehere alikuwa amekwisha kudai apewe kile kidude cha kusikilizia, na aliponyimwa alilia kwa sauti kubwa na safi. Hakuna aliyemnyamazisha. Mama yake alicheka na kulia kwa pamoja.

Nyumbani bibi hakula. Aliingia chumbani, na Herufi alipopita akamwona kitandani, anakunja nguo zake anazitia kwenye mfuko.

"Mama, unafanya nini?" binti yake aliuliza.

"Kesho asubuhi naondoka. Na darasani sirudi tena." Alikunja gauni, akalikunjua, akalikunja tena. "Miaka sitini na mitatu sikujua kusoma, na hata siku moja sikumlisha mtoto wa mtu sumu. Nimejua kusoma miezi mitano tu. Tazama."

Herufi alikuwa mlangoni. Alitafuta mzaha, maana mzaha ndiyo njia yake ya kutokea, na akaupata mmoja kuhusu miwani. Ulifika mpaka kwenye ulimi. Lakini alimwona yule mama anavyolishika gauni, vidole vilevile alivyokuwa anafuatishia herufi kwenye kibao chake mlangoni, na mzaha ukamkwama. Aliona aibu, aibu ya kweli, isiyo na mahali pa kuificha.

"Mama," alisema. "Ulisoma sawasawa. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

Mkewe aliacha kumvua mtoto viatu.

"Sema tena," alisema bibi.

"Ulisoma sawasawa, mama. Niliandika vibaya mimi. Na kule kituoni nilikuacha usimame peke yako. Nisamehe."

Bibi aliliweka gauni chini. Alimtazama mkwewe kwa muda mrefu, kama anavyotazama neno refu kabla hajalianza.

"Najua nilisoma sawasawa," alisema. "D na A, W na A. Hata mwalimu wangu angenipa vema. Nilikuwa nangoja tangu asubuhi nione kama utalisema, au nitaondoka nalo."

Akainuka, akatoka kwenda kunawa mikono, akauliza kama chakula bado ni cha moto.